Udongo wa Uani Kwetu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Wamekuja watu wa kupima udongo. Dada mmoja wa chuo, anaitwa Severa, na dereva ambaye hakushuka garini. Mtaa mzima ulikuwa mlangoni. Wanasema ni watu wa bomoabomoa wamejificha. Mama naye hivyo hivyo: wakishapima hawa, keshokutwa wanarudi na rangi nyekundu, X ukutani.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Kama kawaida yangu.

Severa akawa anamweleza mama, akakwama kwenye neno la Kiingereza. Sijui nini kilinituma — nikasema kwa sauti, "Kiwango cha asili." Wote wakageuka! Nilitamani ardhi inimeze.

Kumbe kila udongo una risasi yake kidogo tangu kuumbwa. Risasi ya kwenye betri, si ya bunduki (bibi alishtuka). Na zinki, na shaba. Hiyo si kosa la mtu. Wanaitafuta kwanza hiyo kidogo, ndipo watajua kwenye bustani za Bonde la Msimbazi ipi ya asili na ipi imeletwa na watu.

Bustani ya mchicha ya mama iko hukohuko bondeni. Ikionekana ya kuletwa na watu, basi ni sumu kwenye mchicha, hatapanda tena.

Jumanne, 10 Juni

Severa anataka mahali ambapo udongo haujaguswa. Hapa Mchikichini!

Mjomba Bakili akajitolea uani kwetu. Mjomba huyu huyu, jirani akiomba barafu anauliza ya nini. Leo: "Karibu dada, chimba tu, hapa pako hivi tangu enzi za marehemu mzee." Na soda ya baridi juu. Mama akacheka, "Kaka, umepatwa na nini leo?"

Bibi akaitikia, kweli hapajaguswa. Bibi anaamini.

Severa akachimba shubiri moja tu, akatia kwenye mfuko. Fomu nikajaza mimi kwa sababu ni ya Kiingereza. Swali la sita: je, udongo umewahi kuletwa hapa kutoka kwingine? Mjomba alisimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi zake.

Nikaandika hapana.

Jumatano, 11 Juni

Ngoja niandike, maana kusema siwezi.

Mafuriko ya mwaka juzi mama na bibi walihamia Magomeni kwa mama mkubwa. Mimi na mjomba tulikuwa tunakuja mchana kuzoa tope. Siku moja akaja na kirikuu, kile kigari cha mizigo, kimejaa kifusi. Tripu nne. Tukainua uani mpaka usawa wa kizingiti. Hilo si ajabu, kila nyumba huku inafanya hivyo maji yakishaondoka. Ajabu ni kifusi chenyewe. Cheusi, kina vipande vya plastiki ngumu na vibamba vya kijivu. Alikitoa nyuma ya bustani ya mama, pale alipokuwa anavunja betri chakavu za magari na kuyeyusha risasi, anatengeneza chubwi za kuzamishia nyavu anawauzia wavuvi wa soko la Feri.

Aliniambia, "Mama yako mwambie tope limekauka. Basi." Akaninunulia chipsi mayai. Nilikula zote.

Kwa hiyo udongo wetu wa asili umetoka kwenye shimo la betri. Na aliyeupa cheti ni mimi.

Nilidhani mjomba amesahau. Au anakumbuka vizuri sana?

Ijumaa, 13 Juni

Mama kapika mchicha wa nazi. Nikasema tumbo linauma. Mjomba akasema kashiba kwa rafiki yake sokoni. Juzi pia alishiba. Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho kumwona akila mchicha wa mama. Sikumbuki.

Bibi alikula sahani mbili. Nilimwangalia mpaka akaniuliza, "Unataka?"

Jumanne, 17 Juni

Severa kaja na kimashine kama drili. Unakielekeza kwenye udongo, unasubiri kidogo, namba za risasi hizo! Bustani ya mama: mia moja sitini. Uani kwetu: mia moja hamsini na tano.

Mjomba akapiga makofi. "Si unaona dada! Ndiyo asili ya huku. Mungu ndivyo alivyouumba." Mama alinikumbatia mbele za watu. Akasema Alhamdulillahi mara tatu, na ataongeza matuta mawili.

Severa hakucheka. Alinivuta pembeni. Kwingine kote walikopima, hata Magomeni, wanapata ishirini, ishirini na mbili. "Kwenu kuna nini, mdogo wangu?"

Nikasema sijui. Sijui! Mimi!

Alhamisi, 19 Juni

Mjomba kauliza yule dada alikuwa ananinong'oneza nini. Nikasema mambo ya shule. Akasema, "Shule nzuri." Hakutabasamu.

Baadaye nimemkuta uani anashindilia kile kishimo kwa mguu. Anakimwagia maji, anashindilia tena. Aliponiona akasema mbu.

Jumamosi, 21 Juni

Severa amerudi asubuhi hii. Anataka kuchimba palepale, ila safari hii mita nzima. Anasema kama ni asili, chini patafanana na juu. Kama si asili, kutakuwa na mpaka, utaonekana kwa macho tu.

Hakufika hata goti. Mjomba akamshika mkono: "Dada, dada! Hapo linapita bomba la maji, utatutobolea."

Uongo. Bomba tulilihamisha baada ya mafuriko, mimi nikiwa nashika koleo. Linapita ukutani kwa choo.

Severa akamwangalia mama. Mama akasema kwamba kweli lilihamishwa, lakini yeye alikuwa Magomeni, hajui lilipopitishwa. "Mwulize Anifa, yeye ndiye alikuwepo."

Wote wakanigeukia. Mjomba hakukonyeza wala nini. Aliniangalia tu kama mtu anayemwona mwizi akikaribia.

Nikasema, "Nakuja kukuonyesha." Sauti ilitoka yenyewe. Nikaingia ndani, nikasema nafuata mtandio.

Mtandio uko kichwani. Naandika kwenye ukingo wa kitanda. Nikionyesha ukuta wa choo, Severa atachimba mpaka chini, ataona ule mpaka, na mama hana bustani. Na atajua ni nani, kaka yake wa tumbo moja. Nikionyesha kile kishimo, basi, tutaendelea kula mchicha wake.

Kuna mtu amesimama dirishani. Kivuli kirefu. Mjomba?

Mama anaita. "Anifa! Unatuweka juani, mwanangu, toka!" Sasa anamwambia Severa, anacheka: "Msamehe, ana haya tu. Lakini huyu akikwambia kitu, kichukue hivyo hivyo. Hajui kudanganya."