Masale ya Uwanja wa Stesheni

Siyo mbuzi, Meku. Ni mimi.

Uliniuliza siku ile umeshika fagio lako, "Nani ameng'oa masale?" Nikakujibu, "Mbuzi, Meku. Mbuzi wa Rau, wale hawana adabu." Watu wote pale uwanja wa stesheni wakacheka. Wewe hukucheka. Sasa ndiyo nakujibu vizuri, umeshazikwa.

Shikamoo lakini. Ningeanza na shikamoo.

Ni Godi, wa viatu vya mitumba. Nilitaka nafasi tu. Nilikuwa nimetoka Kiboriloni na mzigo wa raba, turubai haienei, nikaona yale majani yamejipanga pembeni, hayauzi, hayanunui. Nikang'oa mstari mzima asubuhi moja, nikatupa mtaroni. Nikatandika. Nikajiona mjanja kweli.

Na siyo kwamba sikujua. Hiyo ndiyo inaniuma. Ulinihadithia mwenyewe, wewe unafagia, mimi nasugua soli kwa mswaki. Kwamba uwanja ule ulikuwa shamba la ulezi la babu yako, kabla Mjerumani hajaleta reli. Wakalichukua, wakalisawazisha, askari wakapiga kwata juu yake. Babu yako hakugombana na mtu. Akapanda masale kwenye mpaka wake, kama Mchagga yeyote anavyopanda, kwamba hapa ni kwa mtu. Mjerumani akadhani ni maua! Akayapenda. Akamwajiri babu yako huyo huyo awe anayamwagilia. Hapo ulikuwa unaegemea fagio unacheka mpaka unakohoa: "Mtu analipwa kumwagilia mpaka wake!"

Akaja Mwingereza akaweka mabenchi, na watu weusi wakawa wanapita nje ya masale, wanazunguka wee, ndiyo wafike kwenye treni. Naye akaondoka, masale yakabaki. Siku ya uhuru watu walicheza pale mpaka mama yako akapoteza kiatu kimoja. Nikakwambia ningekuwepo ningemuuzia kingine, hicho kimoja tu, nusu bei. Ukaniita tapeli mdogo. Nilikuwa napenda ukiniita hivyo.

Siku ile ya mbuzi uliangalia yale mashimo, ukasema, "Hata Mjerumani hakuyagusa." Basi. Ukaenda kufagia upande wa pili. Kuanzia hapo ulifagia uwanja wote, kila asubuhi, ukaacha kipande cha mbele ya turubai yangu. Ukifika pale unanyanyua fagio, unapita, unaendelea mbele. Mzee umeshastaafu, hakuna anayekutuma, na bado ulijua kunichapa bila kunigusa.

Dawa yake niliijua. Nani huku mlimani haijui? Ukimkosea mtu unachukua jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea. Akiletewa hilo hawezi kukataa, atakusamehe. Nikaenda kutafuta jani. Meku, cheka sasa. Majani ya karibu ni yale yale niliyoyatupa mtaroni, na mvua ilishayabeba. Nikasema Jumapili nitapanda kwenu Old Moshi nikachume. Jumapili wateja wakajaa. Jumapili nyingine, wateja. Nikasikia kifua kimekubana, upo nyumbani. Nikasema Jumapili hii lazima.

Ulinitangulia, Meku. Uliondoka Alhamisi.

Kwenye mazishi nilisimama nyuma ya banda la ng'ombe. Mimi, ambaye sinyamazi hata kanisani. Sikuthubutu kutupa udongo.

Tangu uondoke hakuna anayefagia. Pale kwenye mpaka wa babu yako, pembeni ya turubai yangu, wanaegesha bodaboda. Juzi walikuja wanafunzi na madaftari, mwalimu wao anauliza nani anajua mwanzo wa uwanja huu. Watu wakaninyooshea mimi kidole. Nikawahadithia yote, ulezi, kwata, yale maua ya Mjerumani, wakacheka kweli. Kabinti kamoja kakaniuliza, "Sasa hayo masale yako wapi?"

Mbuzi alikuwa ameshafika kwenye ulimi. Hakutoka. Nikaweka raba chini, watoto bado wananisubiri.

Nikafunga turubai mchana kweupe nikapanda kwenu. Nikamkuta Bibi, mkeo, anakatia ng'ombe majani ya mgomba. Nikampa jani nililochuma njiani, lina fundo lake na kila kitu. Akaliangalia, akanirudishia. "Hukunikosea mimi. Mwandikie mwenyewe." Ndiyo naandika. Mwandiko nivumilie, niliishia darasa la nne. Ila aliniruhusu kukata vipande vinne kwenye masale waliyokupandia kaburini, na leo asubuhi nimevichimbia pale pale kwenye mashimo. Turubai imepungua. Raba zimebanana kama zinasikia baridi.

Sasa tufanye biashara, Meku. Barua hii na jani naviacha hapa kwenye msalaba wako. Mimi nitamwagilia kila siku, bila mshahara wa Mjerumani, na nitafagia kuanzia mlango wa stesheni mpaka kwangu. Akija mtu kuuliza, nitamwambia ni nani aliyeng'oa. Wewe kazi yako moja tu. Vikishika mizizi, nitajua umenisamehe. Vikikauka sibishani, napanda tena kukata vingine, na jani lingine, mpaka uchoke kuniona.

Lala salama, Meku. Na kama utakubali, niongezee kidogo, kama mimi nilivyokuwa nakuongezea kamba za viatu: nijie siku moja, hata ndotoni, uniite tapeli mdogo.

Godi