Sauti ya Vita vya Angani

Kaka yangu,

Mimi ni mzima. Safari hii sikudanganyi.

Diski za ile tamthilia ya angani nimezimaliza. Uliniomba maoni: nahodha anajisifu mno, maroboti yanaongea kama makarani, lakini vita ni moto! Chombo kikilipuka, vikombe vinatetemeka kabatini.

Shemeji yako alivipenda vita hivyo. Vikianza tu, aliongeza sauti mpaka mwisho, akavua mkanda, akanigeukia. Majirani walisikia makombora tu. Mama mwenye nyumba alikuwa akinitania, "Nyie na sinema zenu!"

Jana, kwenye diski ya mwisho, rimoti niliiwahi mimi. Nikaongeza sauti, nikainua pasi ya chuma. Makombora yalipokoma, shemeji yako naye alikuwa amenyamaza.

Msimu wa pili usitume. Njoo mwenyewe.

Dada yako