Nilijibu, “Sinywi”

Jumatatu, 3 Machi
Mtoto ana siku kumi na tisa. Leo mkasi wa kukatia vitambaa umeniponyoka, ukagonga sakafu — paa! Mimi mwenyewe nimeruka. Yeye macho wazi, hata kope haikucheza. Mama mkwe akacheka: mpole huyu, hata paa lidondoke hana habari. Nikacheka naye. Kicheko cha uongo.

Jumanne, 4 Machi
Nimepiga makofi. Nimegonga sufuria. Mara sita — kageuka mara moja tu, tena taratibu.

Jumatano, 5 Machi
Kliniki. Nesi katikisa njuga sikioni, kamkuna unyayo, kamchoma kisigino kutoa damu. Kilio kimekuja, lakini nilikuwa nimeshahesabu hadi nne. Masikio ni mazima, kasema, ubongo ndio unachelewa kuitikia. Sababu zinaweza kuwa nyingi. Akafungua kadi yangu ya ujauzito: pombe — hapana. Mama mkwe akadakia, “Pombe? Mkwe wangu huyu hata harufu yake haijui!” Turudi Ijumaa.

Hapana! Siku ile ya kuandikiwa kadi niliulizwa, “Unakunywa pombe?” Nikajibu, “Sinywi.” Kweli tupu — nilikuwa nimeacha wiki mbili kabla. Hakuna aliyeuliza kama *nilikunywa*. Miezi minne, kila Ijumaa na Jumamosi, mimi na mafundi wenzangu, chupa chini ya cherehani. Miwili ya kwanza sikujua nina mimba. Miwili iliyofuata nilijua. Haya, nimeandika. Naona aibu hadi vidole.

Alhamisi, 6 Machi
Mficha maradhi, kilio humfichua. Kesho nasema. Mama mkwe awepo, asiwepo — nasema!

Ijumaa, 7 Machi, kwenye benchi la kliniki
Nimesema. “Nesi, hiyo kadi ina uongo, na ni wangu. Nilikunywa. Miezi minne.” Hakunikaripia. Kauliza kiasi gani, mara ngapi, nimejibu yote. Kasema afadhali nimesema mapema, mtoto ataanza mazoezi akiwa bado mchanga. Kaenda kumwita daktari.

Tumebaki wawili, mimi na mama mkwe, aliyesikia yote. Mtoto yuko mikononi mwake, ameanza kulia njaa. Maziwa yamelowesha gauni langu. Nimemwambia, “Mama, nipe nimnyonyeshe.” Nimerudia. Kamfunika vizuri shali, kamgeuzia kifuani kwake, mbali nami.

Naandika nisije nikapiga kelele. Basi. Naweka kalamu, nasimama kumchukua mwanangu.