Bima ya Mbavu za Mama

Houston, 11 Februari 2024

Dada Pelagia,

Shikamoo. Natumaini wewe na shemeji hamjambo huko Arlington, na Mama anaendelea kuizoea baridi. Mimi na wifi yako Ndeshi wazima, isipokuwa mgongo wangu, na huo ni ugonjwa wa kila dereva wa lori. Nakuandikia barua pepe kwa sababu nikipumzika wewe uko zamu, na ukitoka zamu mimi niko barabarani.

Nina swali, wewe uliye nesi. Bima ya gari letu dogo inaisha mwezi huu. Ajenti ananiuliza kama niongeze kipengele cha matibabu: gari likipata ajali, kila aliyemo anatibiwa, kosa liwe letu au la mwingine. Nafikiria kwa sababu Mama anakuja kwetu baada ya Pasaka, na nikiwa safarini Ndeshi ndiye atakayempeleka kanisani. Mama hana bima yoyote ya huku. Unaonaje?

Mdogo wako,
Kamugisha

Arlington, 17 Februari 2024

Mdogo wangu Kamugisha,

Marahaba. Hatujambo. Mama anavaa soksi mbili mbili na anakulaumu wewe, maana ulimwambia Texas ni nchi ya joto. Pole na mgongo.

Hicho kipengele achana nacho. Ajenti kazi yake kuuza. Ukimsikiliza utalipia hadi kivuli chako. Wewe na Ndeshi mna bima za kazini. Mama ni wa watu, na watu tunao. Mwenzetu Severin alipovunjika mguu, kundi letu la Wahaya lilichanga kabla hajatoka chumba cha upasuaji. Hiyo pesa malizia mabati ya nyumba ya Mama kule Kamachumu. Nimeshasema.

Dada yako,
Pelagia

Houston, 20 Februari 2024

Dada,

Shikamoo. Nimekusikia. Pesa za mabati nitatuma. Msalimie Mama, mwambie Ndeshi ameshapata duka la Wakongo lenye ndizi mbichi nzuri, kwa hiyo asitie shaka.

Mdogo wako,
Kamugisha

Arlington, 6 Aprili 2024

Kamugisha,

Hamjambo huko? Mama nimempandisha basi asubuhi hii, na kopo lake la senene wa kukaanga amelipakata kama mjukuu. Mpokee mapema, usimwache stendi anashangaa.

Jana alikuwa anaziogopa barabara zenu. Akaniuliza mtu akiumia garini huku hutibiwaje. Nikamtania kwamba akae vizuri kwenye kiti, maana kwa Kamugisha hakuna bima ya mbavu za bibi kizee. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Nyumba yangu itapooza bila yeye.

Dada yako,
Pelagia

Houston, 30 Juni 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui kama utaisoma hii. Tangu tumzike Mama hupokei simu zangu, na Ndeshi humpi hata salamu. Unasema alimwangalia Mama akifa. Naomba unisikilize, kisha unikasirikie mimi.

Jumapili ile nilikuwa El Paso. Ndeshi alinipigia: "Tumegongwa kwa nyuma tukitoka Misa, but tuko okay. Ambulance imekuja, Mama amegoma kupanda." Nikaomba kuongea na Mama. "Siumwi, baba. Endesha salama," akasema, nami nikamwamini. Kesho yake alipika, akafua, kanga ameikaza tumboni. Ndeshi alimbembeleza waende hospitali. Mama akamwambia kwamba wewe ulishamweleza bima hakuna, na yeye hakuja Amerika kufilisi watoto wake. Akamwapisha asinisumbue safarini. Jumanne asubuhi akaanguka jikoni. Damu ilikuwa ikivujia tumboni tangu Jumapili. Maneno hayo ya Mama nimeambiwa baada ya mazishi.

Dada, bima ilikuwepo.

Nilikiongeza kile kipengele wiki ile ile uliyonikataza. Baba alipofariki wewe ndiye uliyenisomesha. Sijawahi kukwambia hapana, na safari hiyo pia nilishindwa. Nikakuitikia, kisha nikaenda kufanya langu. Ndeshi sikumwambia, maana ninyi mawifi hamfichani neno. Mama sikumwambia, maana angekwambia wewe. Ile ambulansi angepanda bila kumfilisi mtu. Alikuwa na haki ya kuipanda na hakujua, na aliyejua alikuwa El Paso anaambiwa aendeshe salama.

Naumia, dada.

Mdogo wako,
Kamugisha

Arlington, 2 Novemba 2024

Mdogo wangu Kamugisha,

Marahaba. Barua yako niliisoma siku ile ile. Kila nilipotaka kujibu nilijikuta nakugombeza, halafu nalia, halafu nafuta. Leo nimetoka Misa ya marehemu wote, nimeona nisipoandika leo sitaandika tena. Mgongo unaendeleaje?

Mwombe Ndeshi anisamehe. Nitampigia mwenyewe, ila nisafishie njia. Nilitafuta wa kumbebesha mzigo nikamwona yeye, kwa kuwa si mtoto wa Mama.

Mama alinipigia Jumatatu ile. Aliniuliza kama nimekula. Mimi ambaye kazi yangu ni kusikiliza watu wakipumua, niliisikia pumzi yake fupi, nikadhani amepanda ngazi. Akaniaga akicheka kwamba mbavu zake zinanisalimu. Nami nikacheka.

Kundi lilichanga, kama nilivyokwambia wangechanga. Jeneza na tiketi za kumrudisha nyumbani vilipatikana jioni moja. Sikukosea kuhusu watu wetu, Kamugisha, na ona walichochangia.

Kuhusu bima uliona mbali kuliko mimi. Nashukuru uliichukua, na naumia kwamba uliichukua kwa kunificha. Miaka yote nimejisifu mbele za watu kwamba mdogo wangu hanibishii. Nilidhani ni heshima, kumbe ulikuwa unaniogopa. Sasa nakuomba, nikikosea nibishie. Nibishie kwenye simu, kwa sauti, nikasirike, tununiane hata mwezi.

Mwezi ule wa Februari Mama alikuwa hapa sebuleni kwangu, na soksi zake mbili mbili. Tungegombana, angetusikia.

Dada yako,
Pelagia