Klachi Niliyokuwekea, Baba

Baba,

Huko uliko sidhani kama kuna tope, na kama kuna barabara basi itakuwa imechongwa vizuri kuliko hii yetu ya Sibwesa. Kwa hiyo leo unayo nafasi ya kunisikiliza. Nataka tuongee habari ya klachi. Usicheke kwanza. Mimi na wewe miaka yote tumeongea habari za gari kuliko habari nyingine yoyote, na hili ninalotaka kulisema lilipita humohumo ndani ya gari, kimyakimya, na aliyelipitisha ni mimi.

Nilikudanganya, Baba. Sikukudanganya kwa mdomo, ndiyo maana ilikuwa rahisi.

Unakumbuka uliponifundisha kuendesha, pale Misunkumilo kwenye kile kiwanja ambacho sasa kimejaa nyumba? Mwalimu mwingine angeanza na usukani. Wewe ulianza kwa kunivua kiatu, tena kimoja tu, cha kushoto. "Klachi haikanyagwi kwa soli, mwana wanje, mwanangu," ulisema. "Inasikilizwa kwa unyayo." Nikabaki na kiatu kimoja kama mtu aliyekimbizwa na nyuki, na watu wanapita wanatuangalia. Gari likazimika mara sijui ngapi. Hukunifokea hata mara moja, ulikuwa unasema tu, "Rudia. Mguu bado haujajua."

Na wewe mwenyewe ndivyo ulivyoendesha maisha yako yote. Kandambili ya kulia mguuni, ya kushoto chini ya kiti. Mara ngapi ulishuka umesahau, ukaenda kununua nyanya Nsemulwa na kandambili moja? Mama alikuwa anakusema mbele za watu, "We mzee, iko siku utaingia kaburini na kandambili moja!" Ukamjibu, "Egome, ndiyo, hiyo nyingine utaniletea wewe." Mkacheka wote wawili.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa ghafla. Mdomo ulipinda, ukarudi. Mkono ulilegea, ukarudi. Mguu wa kushoto ndio uliogoma. Ulitembea nao, lakini ulikuwa unakuja nyuma ya maagizo, unauamuru sasa hivi na wenyewe unatii baadaye. Kwa mtu wa shambani hilo linavumilika, lakini kwa dereva?

Tulijifanya hatuoni mpaka siku ya yule mama wa dagaa. Nilikuwa nimekaa pembeni yako. Ulitaka kusimama, mguu ukachelewa, gari likaruka mbele ndipo likazimika. Bampa liligusa kanga yake, Baba. Liligusa kabisa. Beseni lilianguka, na wewe ukashuka na kandambili yako moja, ukachutama ukaanza kuokota dagaa mmoja mmoja kwenye vumbi. Yule mama, Mungu ambariki, ndiye aliyekuwa anakubembeleza wewe. Jioni ukaniambia, "Breki hizi ziangaliwe." Niliziangalia. Zilikuwa nzima.

Kuanzia hapo Mama hakuwa na amani. "Mwambie baba yako aache kuendesha." "Mwambie wewe, Mama, wewe ndiye mkewe." "Wee! Mimi nimwambie? Wewe ndiye mtoto wake wa kwanza." Tukawa tunatupiana hivyo kila siku. Unanijua nilivyo na maneno, Baba. Walanguzi wa mahindi wakiniona wanapunguza ujanja. Lakini mbele yako ulimi wangu uliganda. Utaanzia wapi kumwambia mtu aliyekufundisha kutembea na kuendesha, "Mzee, umechoka, lete ufunguo"? Kwetu sisi sentensi hiyo mtoto hana mdomo wa kuisemea.

Mvua zikaja, na klachi ikaanza kuisha. Ile safari ya kutoka Sibwesa na magunia huwezi kuisahau. Uliingiza foo-wili, ukakanyaga mafuta, injini ikapiga kelele mpaka ndege wakaruka, na gari liko palepale. Halafu ile harufu, kama mtu anachoma kwato. Wale vijana wa Kisukuma wakafungua ng'ombe wao kwenye mkokoteni, wakatuvuta mpaka juu. "Mzee, foo-wili yako imeshindwa na ng'ombe wanne!" mmoja akasema. Ulicheka kuliko sisi wote. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshika mlango najiuliza ingekuwaje kama gari lingerudi nyuma na ule mguu wako.

Wiki hiyohiyo nililipeleka kwa Fundi Mabula. Akashusha gia boksi, akanionyesha klachi pleti yetu, imelika mpaka ribiti zinaonekana. Akasema, "Ziko mbili. Kuna ya kawaida kama hii mliyokuwa nayo. Na kuna ya kazi nzito. Hii ukipakia magunia na tope likawepo, inang'ang'ania, haitelezitelezi." Nikaipenda. Kwa mizigo yetu na barabara yetu, ndiyo iliyotakiwa tangu zamani, na wewe mwenyewe ulikuwa unaizungumzia. Lakini fundi akaendelea. "Ila presha pleti yake inabana sana. Pedali inakuwa nzito. Mzee ataiweza?"

Hapo ndipo penyewe, Baba. Fundi alikuwa anaangalia mikono yake inayonuka grisi, ananisubiri. Ningeweza kusema weka ya kawaida. Ningeweza kusema ngoja nikamwulize mwenye gari.

Nikasema, "Weka nzito."

Nilipofika nalo nyumbani ulikuwa umeshavaa shati la safari. Ukaingia, ukavua kandambili ya kushoto, ukaisukuma chini ya kiti, ukakanyaga. Ilishuka nusu. Mguu ukaanza kutetemeka, nikageuka nikajifanya naangalia tairi. Ukakanyaga mara ya pili, ukalisukuma goti kwa mkono. Nilisikia pumzi yako. Ukakaa kidogo, kisha ukashuka, ukaniwekea ufunguo mkononi. "Klachi nzuri hii," ukasema. "Hii itadumu." Ukaenda zako kuangalia kuku.

Nataka ujue nilichosikia moyoni wakati ule. Nilisikia nafuu. Nilisikia nafuu kubwa, na Mama akanipikia wali siku ile kama vile nimetoka vitani. Funika kombe mwanaharamu apite, ndicho tulichokifanya. Tukalifunika kombe, na tukala.

Ikawa kila nikirudi kutoka Sibwesa unaniuliza, "Pale mlimani imepandaje?" Nami najibu, "Kwa gia namba mbili, Baba, magunia yote juu." Unatikisa kichwa, "Egome," unarudi kwenye redio yako. Nikadhani umekubali. Nilijiambia mzee ni mtu mzima, amelipokea.

Ila kulikuwa na jambo moja dogo lililokuwa linanikera. Kila Jumatatu nikiingia kwenye gari nakuta kiti kimesogezwa mbele, magoti yangu yanagonga usukani. Nikawa nafoka pale uani, "Nyie, nani anachezea kiti changu? Mlango huu nitautia kufuli!" Na wewe umekaa unakunywa chai yako. Mama naye anachambua maharage. Nilifoka hivyo miezi na miezi.

Ulipoondoka, tulipokwisha kuanua matanga na wageni wakarudi kwao, nikaenda kuwasha gari. Kiti kilikuwa mbele. Hapo nilikuwa sina nguvu ya kufoka. Nikamfuata Mama mlangoni, alikokuwa anachambua maharage, nikamwuliza kwa upole, kwa mara ya kwanza, nani alikuwa anasogeza kiti.

"Baba yako," akasema.

"Baba? Alikuwa anafanya nini humo?"

"Alikuwa anakanyaga klachi. Kila Jumapili ukienda kanisani. Anavua kandambili, anakanyaga, anahesabu kwa kilugha. *Rimwe, kabiri, gatatu.* Mwanzoni alikuwa anafika tatu anachoka, ananiita nimletee maji. Mwisho mwisho alikuwa anafika kumi."

Nikamwuliza kama ulijua. Akaniangalia kama mtoto mjinga. "Baba yako ameshika klachi kabla wewe hujazaliwa. Asijue nini? Siku ileile alijua. Akasema, mtoto amenionea haya."

Nilikaa chini palepale kwenye kizingiti. Mama akaendelea na maharage yake.

"Nikamwambia, sasa si uache? Akasema, mbona hakunikataza. Amenipa klachi nzito tu, na nzito inazoeleka. Alitaka siku moja akupeleke yeye Sibwesa, wewe ukae upande wa abiria."

Baba, tangu siku ile nageuza maneno hayo, siyamalizi. Ningekuambia kwa mdomo, pengine ungenuna wiki mbili, kisha tungekuwa tunakwenda wote, unanikosoa njia nzima. Tungepata safari nyingi. Au pengine zile Jumapili ndizo zilizokuwa zinakuamsha kitandani, na mdomo wangu ungezizima. Sijui, na wa kumwuliza ni wewe. Ninachokijua ni kwamba nilikuogopa nikaita hofu yangu heshima, nikamtwisha fundi maneno yangu. Na kinachoniuma kuliko vyote ni kile kiti. Ulikuwa umejizoeza Jumapili asubuhi kwa ajili yangu, halafu Jumatatu unakaa na chai yako unanisikiliza nafoka.

Nisamehe, Baba. Klachi ulisema itadumu, na kweli inadumu. Jana Fundi Mabula aliniambia akinipatia mteja mzuri niliuze gari nichukue jipya kidogo. Nilimjibu vibaya, itabidi nikamwombe radhi.

Leo ni Jumapili na sikwenda kanisani. Mama amekwenda, ameniachia chai. Kandambili yako ya kushoto iko chini ya kiti. Ulikwenda kuzikwa na viatu vizuri vya ngozi, vyote viwili, kwa hiyo Mama alikosea. Karatasi hii naiandikia juu ya goti, ndani ya gari, nimekaa upande wa abiria. Ufunguo nimeuacha pale pake.

Kiti chako nimekisogeza mbele.

Mwanao wa kwanza