Kazi Yangu kwa Bi Verna

Sapulpa, Oklahoma
9 Novemba

Kaka yangu Royce,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile jino lililokusumbua tangu Agosti limeshang'olewa. Sisi hatujambo. Mama anatembea vizuri baada ya kupasuliwa nyonga, anapika maharage na mkate wa mahindi kama zamani, na bado anamnung'unikia mchungaji kwa kuhubiri mpaka chakula kinapoa. Anakusalimu sana. Hajui kwamba nakuandikia leo.

Umeniuliza mara mbili nafanya kazi gani siku hizi, na mara zote nimekwepa. Duka la matairi lilifungwa Februari. Nikaona tangazo la mafunzo ya kukamata watoro wa dhamana, yaani watu waliotolewa jela wakisubiri kesi kisha wasitokee mahakamani. Najua utacheka, au utatukana. Maliza, halafu endelea kusoma.

Darasani tulikuwa kumi na wawili. Wengi walikuja na buti za kijeshi na miwani nyeusi, wakidhani watafundishwa kuvunja milango. Mwalimu, askari mstaafu, alitumia juma zima la kwanza kutusomea sheria: mlango upi unaweza kuupita, upi huwezi mpaka mwenye nyumba akubali, na jinsi unavyoweza kufungwa wewe mwenyewe kwa kukosea anwani. Jamaa mmoja akauliza tutaanza lini kufukuzana na watu. Mwalimu akamjibu, "Ukijikuta unakimbia, ujue kazi umeshaiharibu." Tulijifunza kufunga pingu, tukapuliziwa dawa ya pilipili machoni tujue inavyouma, tukafanya mtihani. Leseni ililetwa na posta mwezi Septemba. Kwenye picha naonekana kama mtu anayetafutwa.

Nafanya kazi kwa Bi Verna Tackett. Ndiyo, huyohuyo aliyekutia pingu miaka kumi na mmoja iliyopita. Sasa ana miaka sitini na minane, magoti yake yamechoka, na alihitaji mtu wa kumpandia ngazi.

Mtu wangu wa kwanza aliitwa Lonnie Prewitt, fundi wa mapaa aliyeshtakiwa kwa wizi wa nyaya za shaba. Siku tatu nilikaa ndani ya gari nikiutazama mlango wa mama yake, nikila karanga. Siku ya nne Bi Verna akagonga kioo. "Mlango hausemi, kijana," akaniambia. "Katafute mtu anayempenda."

Mtu huyo alikuwa dada yake, Jolene, anayefanya kazi kwenye duka la kufulia nguo kwa mashine huko Okmulgee. Nilimwonyesha leseni, nikamweleza nilichofuata. Aliendelea kukunja nguo. Nikachukua taulo kwenye rundo lake nikaanza kumsaidia kukunja. Tulikunja karibu saa nzima. Mwishowe akaniuliza kama Lonnie ataumizwa. Nikamwambia siyo na mimi. Akasema yuko kwenye nyumba ya magurudumu ya marehemu babu yao, nyuma ya mabanda ya kuku, na funguo anazo Jolene mwenyewe. Akanikabidhi, akaandika na ruhusa ya kuingia.

Asubuhi yake tulimkuta Lonnie anakaanga mayai. Hakukimbia. Aliomba amalize kula, Bi Verna akamruhusu. Nilipomfunga pingu akauliza, "Nani kaniuza?"

"Gari lako linaonekana toka barabarani, mjinga wewe," Bi Verna akamjibu.

Tukiwa njiani Lonnie alizungumza peke yake. Akasema ni yule muuza kuku wa jirani, lazima ni yeye, na akitoka atamkumbuka. Kisha akasema, "Angalau siyo Jolene. Jolene hawezi." Mimi nilikuwa naendesha. Sikugeuka.

Maneno hayo ya gari kuonekana toka barabarani uliambiwa hata wewe, Royce. Na wewe ukasema haiwezekani, maana lori ulilifunika kwa turubai. Ukasema aliyeliona kule ziwani ni Mzee Ames tu, jirani yetu, alipokwenda kuvua, hivyo ndiye aliyekuuza. Mama akaamini. Mzee Ames hakusalimiwa tena na mtu wa nyumba yetu mpaka alipokufa Aprili. Hata mazishini hatukwenda.

Hakuwa yeye. Nilikuwa mimi. Bi Verna alikuja Mama akiwa kazini. Nilimpa kahawa, akaniuliza kwa upole, na kahawa haijapoa nilikuwa nimeshamwambia uko kwenye kibanda cha mjomba, ziwani. Ningeweza kusema nilihofia nyumba, kwa kuwa Mama aliiweka kama dhamana yako. Ningeweza kusema niliogopa polisi wangekufuata na bunduki. Yote mawili ni kweli, lakini siku ile sikuyawaza. Nilikuwa nimekuchoka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kila siku nilimdanganya Mama kwa ajili yako.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa mjane wa Ames nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mumewe alijua tangu siku ile. Alikuwa anafyeka majani, akamwona Bi Verna kwetu barazani na mimi namjazia kikombe. Mkewe alimsihi ajitetee kwa Mama. Akakataa. Alisema, "Yule mama kashapoteza mtoto mmoja. Siendi kumnyang'anya wa pili."

Nimeona uanze kujua wewe. Mama nitamwambia Ijumaa, nyumbani, siyo kwa simu.

Jina langu bado limo kwenye orodha ya wageni wako. Ukilifuta sitauliza sababu. Usipolifuta, nitakuja Jumamosi ya pili ya Desemba, na utaniambia usoni unachotaka kuniambia.

Wasalimie unaokaa nao, na huyo mzee anayekufundisha sataranji. Jitunze na baridi.

Mdogo wako,
Dell Hargis