Laini ya Ghorofa ya Tatu

Dameski, 4 Septemba 2022

Shemeji yangu Haitham,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu, ambalo wewe huliamini, na dada yako Fadwa ndiye haliamini kabisa. Natumaini wewe na Maysun hamjambo, na kwamba lile duka la vigae bado linawatunza. Barua hii anakuletea Abu Shahin dereva, pamoja na chupa ya makdusi, zile biringani za kusindika. Fadwa anasema biringani za mwaka huu ni ndogo, na usizimalize kwa siku moja kama mwaka jana, kisha ukamsingizia yeye tumbo lako.

Nina ombi. Nimelizungusha kichwani siku nyingi, na kwa kuwa kichwa chenyewe hakina uwanja mkubwa, acha nilitoe nje.

Mpwa wako Jumana amepata kazi. Ni ofisi ya Dubai inayochora ramani za majengo. Yeye atachora akiwa hapa hapa nyumbani na kuwapelekea kwa intaneti. Sharti lao ni moja: awe na intaneti ya waya, si hii ya simu ya mkononi inayokatika kila likipita wingu. Wamempa mpaka mwanzo wa Novemba. Akikosa, atakwenda Erbil kwa rafiki yake mwenye chumba na waya. Nawe unajua habari za wanaokwenda. Kaka zake wote wawili walituaga kwa mwaka mmoja tu. Huyu ndiye aliyebaki.

Basi nikaenda kituo cha simu. Karani akaniambia, "Laini ya simu unayo, mzee. Ulichokosa ni lango." Kumbe kila laini inayotaka intaneti lazima ipewe lango lake kwenye mtambo wao, na malango yamekwisha. "Mpaka aondoke mtu," akasema. Nikamwambia mbona walioondoka ni wengi. Akacheka. "Wameondoka wao, mzee. Malango hawakuyaachia." Kisha akatazama kompyuta yake. "Hata kwenye jengo lenu lipo moja, ghorofa ya tatu. Limekaa tu."

Kana kwamba silijui lango lako. Ni nani anayeipangia foleni bili yake kila ikija? Pale dirishani wananiona nalipia laini mbili, wanadhani nina nyumba mbili, na wananipa heshima ambayo nyumbani kwangu siipati.

Nilimshauri Fadwa tufungue kwako, Jumana ashuke akafanyie kazi huko huko. Alinitazama kama mtu aliyetaka kufuga mbuzi msikitini. "Nyumba ya kaka yangu si ofisi," akasema. Ufunguo ameuficha, nami sijui wapi.

Kwa hiyo nakuomba, shemeji, uliachie lango liandikwe kwangu.

Shemeji yako,
Ratib


Amman, 15 Septemba 2022

Shemeji Ratib,

Wa alaykumu salaam. Goti lako nimeliombea dua, ingawa bado siliamini. Sisi hatujambo. Makdusi tumeyamaliza siku ya pili, na tumbo halimshitaki mtu.

Jumana nampongeza. Mwambie mjomba wake anajivunia. Lakini lango, hapana.

Lango lile nililingoja mpaka ndevu zikaanza mvi. Siku lilipotoka nilinunua sinia zima la kunafa ya jibini na shira nikawaita jengo zima, na wewe peke yako ukala robo. Sasa nikirudi kiangazi kijacho nianze foleni upya, kwa umri huu? Na nambari ile ndiyo watu wote wanayonijua nayo.

Njia nyingine zipo. Jaribuni kwenye paa, mawimbi ya simu kule juu huwa na nguvu. Au mwombeni Daktari Wasfi wa meno wa ghorofa ya kwanza, pengine analo lango akagawana nanyi. Ila chochote mtakachofunga, usifunge wewe. Sijasahau ulivyotengeneza bomba la jikoni kwako, nikaamka nikakuta sebule yangu inafaa kufugia samaki.

Na Fadwa yuko sahihi kuhusu nyumba. Nyumba ikifunguliwa madirisha watu huanza kuuliza anakaa nani. Iacheni kama nilivyoiacha. Nitaifungua mwenyewe kiangazi.

Shemeji yako,
Haitham


Dameski, 2 Oktoba 2022

Shemeji Haitham,

Assalaam alaykum. Afya zetu ni nzuri. Hata goti limekata tamaa ya kuaminiwa, limenyamaza. Maysun umsalimie.

Tumefuata mashauri yako yote. Tulipanda juu ya paa, Jumana akakaa katikati ya matangi ya maji na kompyuta mapajani, mimi nikisimama nimeinua simu kuelekea mlima Qasiun, mkono ukichoka nabadilisha mkono. Jirani wa jengo la pili alimwuliza Fadwa kwa upole kama nimeingia tarika mpya.

Daktari Wasfi nilimwendea nikajifanya jino linauma. Akanikagua, akaniambia jino ni zima, niseme shida yangu. Nikasema. Akaketi kwenye kile kiti cha wagonjwa, yeye mwenyewe, akasema, "Mwalimu, mimi nimejiandikisha kabla yako. Kila nikisikia jirani ananunua mkoba wa safari namwombea heri, halafu naona haya."

Ofisi ya Dubai walizungumza na Jumana kutoka pale paani. Picha ikaganda akiwa ameachama, nao wakaendelea kuzungumza na uso ule ule mpaka mwisho. Walikuwa na adabu. Wakamkumbusha tarehe.

Juma lililopita amenunua sanduku la safari, jekundu. Liko ukumbini. Dada yako halisemi, amelifunika kitambaa cha meza akaweka chombo cha maua juu yake, kama ni fanicha tuliyoinunua kwa hiari.

Na kwa kuwa umesema nyumba iachwe kama ilivyo, nikwambie jinsi ilivyo. Kila Alhamisi baada ya adhuhuri Fadwa hushuka, hufuta vumbi, hufungua mifereji maji yapite mabombani, kisha hupanda. Nilimwuliza huko anafanya nini muda wote ule. Akasema, "Namsalimia."

Sitakuomba tena. Ila kiangazi, shemeji, umekitaja mara nyingi hata nimeanza kudhani ni jina la mji, na barabara yake imefungwa. Huu ni utani. Lakini utani wa mashemeji, wajua mwenyewe, una mfupa ndani.

Shemeji yako,
Ratib


Dameski, 13 Oktoba 2022

Shemeji,

Abu Shahin amekuja mara mbili bila barua yako. Anasema ulimwona, ukamsalimia, ukamwambia "safari ijayo." Kama ule mfupa ulikukwama kooni, niwie radhi. Tu wazima. Sanduku limeanza kutiwa nguo.

Ratib


Amman, 20 Oktoba 2022

Shemeji Ratib,

Nakusalimu, na natumaini mko salama. Sisi tupo.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya kuachia lango, yenye sahihi yangu na muhuri wa ubalozi. Imekaa mezani kwangu siku nyingi. Maysun alikuwa akiisogeza kila akiandaa chakula. Juzi akaniuliza, "Hebu niambie, ile foleni unamshikia nani?" Nikaacha kijiko, nikaenda kutafuta bahasha.

Ukweli ni kwamba dukani wameniongezea mkataba mrefu. Niliusaini tangu Juni, sikuwaambia. Jumana asiondoke kwa sababu ya lango la mtu ambaye hayupo.

Na umwambie Fadwa asishuke tena kufuta vumbi. Ngazi zinamchosha bure.

Haitham


Dameski, 5 Novemba 2022

Shemeji yangu Haitham,

Assalaam alaykum. Tu wazima sote, ila mgongo, na huo nitakueleza.

Karatasi yako niliipeleka kituoni asubuhi ile ile ilipofika. Karani akaisoma akasema ni safi, haina dosari. Akachukua muhuri, akaupulizia. "Nikigonga hapa, lango linakuwa huru."

"Halafu linakuja kwangu," nikasema.

"Halafu linakwenda kwa anayefuata."

"Si ndiyo mimi?"

"Mzee wangu, wewe umejiandikisha Septemba. Mbele yako kuna mtaa mzima." Mkono ukiwa bado juu, akaniuliza, "Nigonge?"

Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, na sikumbuki kuwahi kufanya jambo kwa haraka. Siku hiyo niliichomoa karatasi chini ya mkono wake, muhuri ukapiga meza. Watu kwenye foleni wakageuka. Karani akasema, "Haya, leo meza imepata intaneti."

Nikarudi nyumbani. Fadwa alikuwa jikoni anakomba vikusa, vile viboga vidogo vya kujaza wali. Barua yako nilikuwa nimemsomea nusu. Mambo ya mkataba na ya vumbi niliyaruka, kwa woga, nakiri. Sasa nikamsomea yote. Akasema, "Rudia pale pa vumbi." Nikarudia. Akamaliza kile kikusa alichoshika, akakiweka na wenzake. Kisha akatumbukiza mkono kwenye mtungi wa ngano ya bulguri mpaka kwenye kiwiko, akatoa ufunguo wako. Miaka yote hii, shemeji, nimekuwa nikila bulguri ya juu ya ufunguo wako.

"Jumana," akaita, "chukua kompyuta yako. Tunashuka kwa mjomba wako."

Nikamwambia, "Si ulisema si ofisi?"

"Wakati ule alikuwa anarudi," akasema. "Sasa nyumba isiyofutwa vumbi itakaaje bila mtu?"

Akafungua madirisha yote mwenyewe. Hakukubali kusaidiwa.

Fundi wa simu alikuja kesho yake. Kwenye kisanduku cha nyaya pale chini ngazini alikuta waya wako umefungwa kwa uzi wa kushonea, akauliza ni mwendawazimu gani. Nikasema majengo haya yana watu wa kila aina. Kifaa chako cha intaneti tulikikuta kwenye droo, ndani ya mfuko wake wa nailoni, na tumekiunga na betri ili umeme ukikatika kisizimike. Taa zikawaka nyekundu, zikafikiri kidogo, zikawa kijani. Fundi alisema lango lilikuwa hai siku zote, lilikosa wa kuliamsha tu.

Jumana amekaa kwenye meza yako ya kulia chakula. Dubai walimwona anasogea na kuongea kwa wakati mmoja, wakampa kazi. Sanduku jekundu sasa limejazwa mablanketi, liko juu ya kabati letu.

Mgongo sasa. Nilijichagulia kile kiti chako cha dirishani, nimsimamie mtoto kazi. Mguu mmoja wa kiti ukatoka, nikaenda chini na sinia la kahawa, mbele ya Dubai. Jumana anasema safari hii ile adabu yao iliwashinda, wakacheka. Natafuta nyundo nikitengeneze, lakini nyundo imepotea, na nadhani najua iko kwenye mtungi gani.

Jambo moja zaidi. Alhamisi, Fadwa alipokuwa akikung'uta zulia kwenye roshani yako, muuza maharage wa pale chini aliona madirisha wazi, akapaza sauti: "Bwana Haitham, tunamshukuru Mungu kwa kurudi kwako salama." Nikangoja dada yako amsahihishe. Akasema, "Ahsante," akaendelea na zulia.

Karatasi yako nakurudishia humu, haijagongwa. Ifungie vigae. Lango bado ni lako kwa jina, na foleni ya bili nitaendelea kuisimamia, maana heshima ile ya dirishani nimeshaizoea.

Shemeji yako,
Ratib


Amman, 12 Novemba 2022

Shemeji Ratib,

Salamu nyingi, na pole ya mgongo. Huo nauamini.

Kiti hicho usikiguse. Mguu wake umelegea tangu nilipokuwa huko, na dawa yake ni kabari ndogo ya mti wa jozi na gundi, si misumari yako. Kiegemezeni ukutani, asikikalie mtu. Kabari nimeshaichonga.

Nimemwuliza Abu Shahin kama gari lake lina nafasi yangu mwezi wa tatu. Anasema ipo ya mbele, ila abiria wa mbele hupakata chupa za watu.

Mwambie dada yangu kuwa vumbi la juu ya kabati la vyombo Jumana halifikii. Alhamisi ashuke tu.

Shemeji yako,
Haitham